Kupunguza

Kibao changu pale Kaptembwo nimekiandika kwa mkono:
TUNAPUNGUZA. TUNAONGEZA. TUNATIA ZIPU.
Miaka kumi na moja napunguza viuno vya watu,
suruali za mitumba zilizokuja na matumbo ya wageni,
gauni za maharusi waliokonda kwa mawazo.
Jioni, mlango wa bati ukishafungwa,
nilikuwa nafanya lile neno la pili.

Nilianza na kibapa kimoja cha Ijumaa.
Ijumaa ikaota miguu, ikamtembelea Alhamisi,
ikamkuta Jumatano hajalala.
Sikuwa mlevi wa kuimba njiani, la.
Nililewa kimya, mlango nimeukomea,
nikipiga pindo la sare za shule,
mshono ukienda kama njia ya mbuzi.

Jebiwott, muuguzi wa zahanati, hakunihubiria.
Alinishika viganja, akavitazama vinavyotetemeka:
"Usiache kwa ghafla, mwili utakugomea.
Wewe si fundi? Punguza.
Na kila Jumatatu uje nikuone."

Basi nikachukua chaki,
ile ya bluu ya kuchorea makwapa,
nikaitia chupa alama: leo hadi hapa.
Siku ya pili alama ikashuka upana wa kidole.
Siku ya tatu niligundua chaki hufutika kwa mate.
Nani aliifuta?
Tulikuwa wawili tu chumbani, mimi na cherehani.
Nikaizungushia chupa uzi mwekundu,
nikaukaza kwa fundo lisilofunguka ila kwa meno,
na meno nikaona haya kuyatumia.

Kiu yangu huja saa moja na robo.
Haichelewi, hata mvua ikinyesha.
Nikaiambia: ngoja nimalize kola.
Kola ikaisha. Ngoja nitie vifungo.
Shati lina vifungo saba,
na kiu, nimekuja kujua,
mara nyingi haina subira ya kufika cha sita.

Kwa Mama Zipora nimeacha kupita.
Nazunguka nyuma, kwa wauza makaa,
hatua mia mbili na ushee,
nafika nyumbani na viatu vya mwashi.
Pesa ya kibapa nikawa naitumbukiza
kwenye kopo la vifungo.
Mwezi wa pili nikanunua mkasi,
wa Ujerumani, mwenye duka aliapa;
unakata kama maneno ya shangazi.

Halafu Nyaguthii, mpwa wangu, akaolewa Njoro.
Gauni nilipima mimi.
Pombe sikupima.

Asubuhi nililala nikihesabu misumari ya paa,
nikitaka kufumua yote, siku arobaini na tatu,
nirudi kwenye kitambaa kitupu.
Lakini ni fundi gani anayefumua gauni zima
kwa sababu sindano imeruka mshono mmoja?
Nikainuka. Nikanywa uji, haukutaka kushuka.
Nikaendelea pale nilipoachia.
Jumatatu nikamwambia Jebiwott.
Aliandika kitu, akaniuliza gauni lilipendeza?
Lilipendeza.

Lemayian, mtoto wa jirani, ndiye aliyekuwa akinitungia uzi,
peremende moja kwa kila sindano.
Jana alikuta sindano tatu zimesimama kwenye kijito,
kila moja na mkia wake.
"Nani amekusaidia?"
Akauliza kama mtu aliyeachishwa kazi.
Nikauchomoa uzi wa moja, polepole, nikampa.
Alilamba ncha ya uzi, akafumba jicho,
nami nikatafuta peremende.

Chupa bado ipo rafuni, kwa nini nikudanganye.
Uzi mwekundu uko vidole viwili kutoka kitakoni.
Upepo wa Menengai unatikisa bati,
barabarani mtu anacheka kicheko ninachokijua,
kilicholowa.
Saa moja na robo.
Shati la leo ni jeupe, la mtu wa kanisani.
Niko kifungo cha nne.